Kuunda Kiti cha Mchezo wa Mbio za Magari: Ufundi na Lugha ya Maelekezo

Utangulizi

Katika ufundishaji wa Kiswahili hapa Rwanda, matini tunazotumia darasani aghalabu ni za maamkizi, sokoni, hotelini na hadithi fupi. Matini hizo zina umuhimu wake. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu ya kozi bila kuandika hata ukurasa mmoja unaomwezesha mtu mwingine kutengeneza kitu. Matini ya namna hiyo, ambayo wataalamu huiita matini elekezi, ina sifa moja ambayo insha haina: ikiwa na kosa, kitu hakisimami.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuunda kwa mikono kiti cha kuchezea mbio za magari kwenye kompyuta au televisheni, yaani kiti chenye fremu inayoshika usukani na makanyagio kama vilivyo ndani ya gari. Aidha, tunaonyesha ni vipengele gani vya sarufi na msamiati vinavyojitokeza katika kazi hiyo, ili mwalimu aweze kuitumia darasani.

Kwa nini kiti hiki, na kwa nini Kigali?

Tumechagua kiti hiki kwa sababu wanafunzi wengi wa leo wanaifahamu michezo ya video, na kwa sababu mbio za magari si jambo geni katika eneo letu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Rwanda ina mashindano yake ya Mountain Gorilla Rally. Tarehe 13 Desemba 2024 Kigali ilikuwa mwenyeji wa hafla ya Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) ya kuwatuza mabingwa wa mwaka huo. Wakati wa shughuli hizo, bingwa wa Formula 1, Max Verstappen, alikutana na vijana wa hapa na kuliona gari dogo la mashindano lililoundwa nchini Rwanda kwa kufuata michoro iliyotolewa na FIA. Tunalitaja gari hilo kwa sababu ni mfano wa jambo tunalolizungumzia: mchoro na maelezo kutoka mbali, na mafundi wa hapa wakayageuza kuwa chuma.

Michezo yenyewe pia imekwisha kuvuka mpaka wa burudani. Kuanzia mwaka 2008 kampuni ya Nissan na watengenezaji wa PlayStation waliendesha shindano la GT Academy, ambamo wachezaji hodari wa mchezo wa Gran Turismo walifundishwa na hatimaye kushiriki mbio halisi. Jann Mardenborough wa Uingereza, aliyeshinda mwaka 2011, alipitia njia hiyo.

Viti vinavyouzwa dukani vina bei kubwa kwa mwanafunzi. Kwa upande mwingine, Kigali ina kila kinachohitajika. Katika Agakiriro ka Gisozi kuna maseremala na wachomeleaji wa vyuma, na katika magereji ya Gatsata hupatikana vipuri vya magari yaliyokwisha kutumika, vikiwemo viti. Kinachokosekana mara nyingi ni maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka na fundi pamoja na mteja wake.

Kanuni ya msingi: nguvu huenda wapi?

Kabla ya kukata ubao wowote, ni vyema kuelewa kwa nini kiti cha kawaida cha ofisini hakifai. Mchezaji anapokanyaga breki kwa nguvu, mguu wake husukuma kanyagio mbele, na wakati huo huo mgongo wake husukuma kiti nyuma. Kama kiti kina magurudumu, kitarudi nyuma. Kama makanyagio yamewekwa tu sakafuni, yatateleza mbele. Hali zote mbili humnyima mchezaji uwezo wa kukanyaga breki kwa kipimo kile kile kila mara.

Hivyo basi, kazi kubwa ya fremu ni kuunganisha kiti na makanyagio katika umbo moja, ili nguvu mbili zinazopingana ziishie ndani ya fremu yenyewe. Usukani nao huongeza mzigo mwingine. Usukani wenye mota hutikisika na kuvuta mikono, na nguzo zake zisipokuwa imara zitayumba kushoto na kulia.

Jambo la pili ni umbo la pembetatu. Fremu ya pembe nne iliyofungwa kwenye pembe zake tu inaweza kuinama na kuwa mshazari, lakini ukiiwekea ubao wa mshazari unaoigawa katika pembetatu, haiwezi kuinama bila ubao huo kuvunjika au kulegea. Ndiyo sababu paa za nyumba zetu zina kenchi zenye pembetatu.

Vifaa na vipimo

Vipimo vifuatavyo ni vya fremu ya mbao, kwa kuwa mbao zinaweza kukatwa na kurekebishwa kwa zana chache. Anayependelea chuma anaweza kutumia bomba la mraba la mm 40 kwa mm 40 lenye unene wa mm 2 na kumpelekea mchomeleaji vipimo hivyo hivyo, akikumbuka kwamba unene wa fremu utabadilika.

Mbao zote ni za sm 5 kwa sm 10:

- Mbao mbili ndefu za msingi, kila moja sm 140
- Nguzo mbili za usukani, kila moja sm 65
- Mbao mbili za kubebea kiti, kila moja sm 60
- Mbao mbili za kubebea makanyagio, kila moja sm 50
- Ubao mmoja wa kuunganisha nguzo, sm 70
- Mbao mbili za mshazari, kila moja kiasi cha sm 60

Jumla yake ni mita 8 na sm 20. Nunua kati ya mita 9 na 10, kwa sababu msumeno hula ubao na vipande vya mwisho huwa na nyufa. Pamoja na mbao hizo, unahitaji plaiwudi ya mm 18 katika vipande viwili: sm 70 kwa sm 30 kwa ajili ya rafu ya usukani, na sm 50 kwa sm 35 kwa ajili ya makanyagio. Bolti za M8 zitakuwa za aina mbili, za sm 12 kwa nguzo na za sm 8 kwa kiti, zikiwa na nati na washa zake. Skrubu ndefu za mbao zitatumika kwingineko.

Zana ni msumeno, keekee au drili, guni ya kupimia pembe mraba, pimamaji, tepu, spana ya 13 kwa bolti za M8, bisibisi na msasa. Wanafunzi wa fasihi watatambua kwamba neno guni wanalijua kwa maana nyingine, yaani shairi lenye kasoro ya arudhi. Huu ni mfano mzuri wa kuwaonyesha kwamba karakana nayo ina kamusi yake.

Tahadhari kuhusu kiti cha gari

Baadhi ya viti vya magari mapya vina mfuko wa hewa uliofichwa ubavuni, na mfuko huo hufumuka kwa kilipuzi kidogo. Kiti cha aina hiyo mara nyingi huwa na kitambulisho kilichoshonwa pembeni na waya zenye plagi ya rangi ya manjano chini yake. Usikinunue. Chagua kiti cha gari la zamani kisicho na mfuko huo. Usijaribu kamwe kuupima kwa betri wala kuufungua mwenyewe. Kagua pia kama reli za kusogezea kiti mbele na nyuma bado zinafanya kazi, kwa sababu bila reli hizo kiti kitamfaa mtu mmoja tu.

Hatua za kuunda

1. Kata mbao zote kwa vipimo vilivyotajwa, kisha zipige msasa. Andika jina la kila ubao kwa penseli.

2. Lala mbao mbili ndefu kwa ukingo, sambamba, kukiwa na nafasi ya sm 50 katikati yake. Upana wa nje utakuwa sm 60.

3. Upande wa mbele, weka mbao mbili za sm 50 katikati ya mbao ndefu. Ule wa mbele kabisa usimame kwa ukingo, na ule wa nyuma yake, kiasi cha sm 30, ulale bapa. Kwa kuwa mmoja una kimo cha sm 10 na mwingine sm 5, plaiwudi ya makanyagio itakayowekwa juu yake itainama kwa takriban nyuzi 10. Kaza skrubu kutoka nje.

4. Upande wa nyuma, laza mbao mbili za sm 60 juu ya mbao ndefu. Umbali kati yake utegemee matundu ya reli za kiti chako, kwa hiyo pima kiti kwanza.

5. Simamisha nguzo upande wa nje wa mbao ndefu, kila moja kwa bolti mbili za sm 12. Usikaze bolti hizo kabla hujahakikisha kwa guni na pimamaji kwamba nguzo zimesimama wima.

6. Funga ubao wa sm 70 mbele ya nguzo, juu kabisa, upande ulio mbali na mchezaji, ili usiguse magoti. Kisha weka ubao wa mshazari kutoka kila nguzo kuelekea mbele hadi kwenye ubao mrefu.

7. Weka rafu ya plaiwudi juu ya nguzo na uikaze kwa skrubu.

8. Weka kiti juu ya mbao zake, tia alama kwenye matundu, kitoe kiti, toboa mbao, kisha ukirudishe na kukifunga kwa bolti za sm 8.

9. Kabla ya kufunga usukani na makanyagio moja kwa moja, vishikilie kwa vibano na ukae kitini kwa muda. Mgongo ukiwa umeegemea kiti, nyoosha mkono mbele: kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kubanduka. Kanyagio la breki likikanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Likinyooka kabisa, sogeza kiti mbele.

Mkono wa gia uko upande gani?

Hapa ndipo jiografia ya Afrika Mashariki inapoingia ndani ya kiti. Nchini Rwanda na Burundi magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara, hivyo usukani huwa kushoto na gia hushikwa kwa mkono wa kulia. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda huendeshwa upande wa kushoto, na gia hushikwa kwa mkono wa kushoto. Mwanafunzi akiandika tu kwamba gia iwekwe kando ya kiti, fundi wa Rusumo upande wa Rwanda na fundi wa ng'ambo ya daraja wataiweka pande tofauti, na wote wawili watakuwa wamefuata maelekezo. Makanyagio, kwa upande mwingine, hayabadiliki: kutoka kushoto kwenda kulia ni klachi, breki na mafuta katika nchi zote.

Breki na kioo

Makanyagio ya bei nafuu hupima umbali ambao mguu umesogea. Breki za gari halisi, kinyume chake, huhisiwa zaidi kwa nguvu ya mguu kuliko kwa umbali. Kwa sababu hiyo baadhi ya waundaji huchukua kihisio cha uzito kutoka katika mizani ya kidijitali ya kupimia watu na kukiweka nyuma ya kanyagio la breki. Kihisio hicho huhitaji kikuza-ishara na kibao kidogo cha kielektroniki kinachowasiliana na kompyuta. Anayeanza hana haja ya kukiunda siku ya kwanza. Kipande cha mpira mgumu nyuma ya kanyagio kinaweza kuongeza ugumu wa kutosha.

Kioo nacho kina hesabu yake. Mchezo huwa na kipimo cha pembe ya kuona, na pembe hiyo ikiwa kubwa kupita kiasi, magari huonekana madogo na kona huonekana mbali kuliko zilivyo. Gawanya nusu ya upana wa kioo kwa umbali kutoka machoni, tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni jibu hilo, kisha izidishe mara mbili. Kwa mfano, kioo chenye upana wa sm 60 kikiwa sm 70 kutoka machoni hutoa pembe ya takriban nyuzi 46 kwa mlalo. Michezo mingine huomba pembe ya wima: kioo hicho kikiwa na uwiano wa 16 kwa 9, pembe ya wima ni takriban nyuzi 27. Msomaji atakayeweka 46 mahali pa 27 atakuwa amepotoshwa na neno moja lililoachwa.

Lugha ya maelekezo: mambo manne

Kwanza ni vitenzi. Mwanafunzi wetu anayezungumza Kinyarwanda hupenda kutumia kitenzi funga kwa kila kazi. Fundi wa Kiswahili hutofautisha: bolti hukazwa, msumari hupigiliwa, chuma huchomelewa, plagi huchomekwa, gundi hugandisha, na vibano hubana. Kinyume chake pia kina utaratibu wake: kaza na legeza, chomeka na chomoa, funga na fungua. Hapa Kinyarwanda kinasaidia, kwani nacho kina gufunga na gufungura, na mwalimu anaweza kuanzia hapo kueleza kauli ya kutendua.

Pili ni upatanisho wa kisarufi. Katika hatua ya nane, tofauti kati ya zitoboe na kitoboe ni kubwa. Ya kwanza inahusu mbao, na ya pili inahusu kiti. Kiambishi kimoja tu kinamwambia fundi atoboe nini. Aidha, kiti hiki kimoja kinakusanya ngeli nyingi: kiti na viti, ubao na mbao, kanyagio na makanyagio, mguu na miguu, bolti, fundi na mafundi. Mwalimu ambaye amechoka kufundisha ngeli kwa orodha anaweza kuzifundisha kwa mpangilio wa kazi.

Tatu ni wakati na mfuatano. Makosa ya aina ya "kabla umekaza" husikika mara kwa mara. Maelekezo hudai "kabla hujakaza" au "kabla ya kukaza", kisha "ukishapima, kata". Mwanafunzi anayechanganya kabla na baada katika hatua ya tano atapata nguzo zilizoinama na bolti zilizokwisha kukazwa.

Nne ni asili ya maneno. Usukani ulikuwa neno la mabaharia kabla gari halijafika pwani, likitokana na Kiarabu, na maana yake ilikuwa kile kiongozacho chombo majini. Gia, breki na klachi zimetoka katika Kiingereza, wakati Kinyarwanda kilichukua feri kutoka Kifaransa. Hata hivyo nyundo ni inyundo, chuma ni icyuma, msumari ni umusumari na mbao ni imbaho. Lakini mwalimu atahadharishe: kiti si igiti. Maneno hayo yana mzizi mmoja, ila Mnyarwanda anayesikia kiti anaweza kufikiria mti, kwa sababu kiti kwa Kinyarwanda ni intebe.

Kazi ya darasani

Shule isiyo na mbao wala kompyuta inaweza kufanya zoezi hili kwa kadibodi. Vipimo vyote vigawanywe kwa kumi, hivyo ubao wa sm 140 uwe sm 14. Darasa ligawanywe katika makundi mawili. Kundi la kwanza lichore fremu na kuandika maelekezo yasiyozidi ukurasa mmoja. Kundi la pili lipewe maandishi tu, bila mchoro na bila ruhusa ya kuuliza maswali, na liunde. Baadaye makundi yote yakae pamoja na kulinganisha. Kila mahali ambapo fremu imetofautiana na mchoro, watafute sentensi iliyosababisha tofauti hiyo na kuiandika upya. Mwalimu hatalazimika kutumia kalamu nyekundu, kwani kosa litakuwa limesimama mezani mbele ya wote.

Hitimisho

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria huipa lugha nafasi, lakini haimpi fundi maneno. Bidhaa nyingi zinazoingia Kigali hupitia Dar es Salaam, na madereva na mawakala wanaozileta huzungumza Kiswahili. Kijana wa Gisozi anayeweza kusoma maelekezo ya Kiswahili, kuyasahihisha na kuandika ya kwake, ana njia ya kufanya kazi na wenzake wa Mwanza, Bukavu au Mombasa. Kama tutamfundisha kusalimia tu, tutakuwa tumemfikisha mlangoni na kumwacha hapo.

Tunawaalika walimu watakaojaribu zoezi hili watuletee maelekezo yaliyoandikwa na wanafunzi wao, hasa yale ambayo fremu yake ilianguka.